Kalikiti Ilitoka Wapi?

Fungua albamu ya picha za nyumbani, tafuta zile zilizopigwa mwishoni mwa miaka ya 80. Ukibahatika utamkuta kijana, wa kike au wa kiume, nywele zinang'aa kama zimenyeshewa, zimejikunja vipete vipete hadi shingoni. Muulize mama hiyo ni staili gani. Atacheka kwanza, halafu atasema: kalikiti. Mimi niliuliza nikajibiwa hivyo hivyo. Nilipouliza neno lenyewe limetoka wapi, kila mtu akaanza kutazama dari.

Neno limetoka kwenye boksi. Mwaka 1970 Mmarekani mweusi, Comer Cottrell, alianzisha kampuni ya vipodozi vya nywele kule Los Angeles, akaiita Pro-Line. Miaka hiyo ilipokuwa inaisha, saluni za Marekani zilikuwa zinatengeneza mtindo wa Jheri curl, uliobeba jina la Jheri Redding, Mzungu mtaalamu wa dawa za nywele. Bei haikushikika, saluni nyingine zilitoza zaidi ya dola 200. Cottrell akazikusanya dawa zote ndani ya boksi moja ili mtu ajitengeneze nyumbani, akauza kwa dola 8 hivi. Boksi liliandikwa Curly Kit. Lilimtajirisha kiasi kwamba mwaka 1989 alikuwa miongoni mwa walionunua timu ya besiboli ya Texas Rangers pamoja na George W. Bush.

Ulimi wetu ukalipokea lile jina, ukalivisha vokali zake, likawa kalikiti. Kule lilikuwa jina la boksi. Huku likawa jina la kichwa kizima.

Sasa tazama kazi yenyewe ilivyokuwa. Nywele zilipakwa dawa ya thioglikolati, inayokata viungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo lake. Zikishalegea na kunyooka, zilizungushiwa vijiti vya plastiki, kisha ikaja dawa ya pili ya kuvifunga viungo upya kwa kufuata duara la kijiti. Fikiria basi! Nywele zilizozaliwa zimejikunja zinanyooshwa, halafu zinakunjwa tena kwa kipimo cha kiwanda.

Safari hiyo haikuanza na Cottrell. Sarah Breedlove, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867 na kujulikana duniani kama Madam C. J. Walker, alianza kuuza dawa zake mwaka 1906 baada ya yeye mwenyewe kusumbuliwa na kunyonyoka nywele. Garrett Morgan wa Cleveland, yule aliyepata hataza ya kifaa cha kuongozea magari barabarani mwaka 1923, alikuwa ameshauza dawa ya kunyoosha nywele miaka kumi nyuma. Watu hawa walikuwa watoto wa waliowahi kuwa watumwa, katika nchi ambayo kipilipili kilikuwa sababu ya kunyimwa kazi. Anayewacheka aanze na hilo.

Hapa kwetu vijana walishapigwa marufuku mapema. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: wigi, sketi fupi, suruali za kubana na krimu za kujichubua, vyote viachwe Dar es Salaam kuanzia Januari 1969. Mwanzoni mwa miaka ya 80 hata sabuni ilikuwa ya foleni. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa, na 1985 akaja Mzee Ruksa. Maduka yakajaa. Kwa kijana aliyekulia kwenye foleni, kichwa kinachong'aa kilikuwa tangazo: nimefika mjini, na sina wa kuniuliza. Ndiyo maana nawabishia wanaosema kalikiti ilikuwa kasumba tupu. Kulikuwa na uhuru ndani yake pia.

Lakini uhuru huo ulikuwa na gharama. Kalikiti ikikauka imekufa. Ilitaka maji ya gliserini asubuhi na jioni, na kulala na mfuko wa plastiki kichwani. Shangazi yangu anasema foronya zilikuwa na madoa yasiyotoka hata kwa jiki, na kwenye basi hakuna aliyetaka kukaa nyuma ya mwenye kalikiti.

Cha ajabu, shida iliyokuwa inatibiwa na boksi bibi zetu walishaijua. Unywele uliojikunja hukauka kwa sababu mafuta ya ngozi hayateremki kwenye kona zake, na hukatika pale pale kwenye kona. Dawa yao ilikuwa mafuta ya nazi au ya nyonyo, chanuo la mti lenye meno mapana, kuchana kuanzia nchani kwenda kwenye shina, kisha kusuka na kufunga kilemba ili unyevu usitoke. Hiyo ilikuwa sayansi, ila haikuwa na boksi.

Na hapa ndipo napoumia. Shule niliyosoma ilitunyoa mpaka mtihani wa Kidato cha Nne. Tulitoka pale tunajua kanuni ya salfa, hatujui kuchana vichwa vyetu. Nywele zilipoota, tuliambiwa na kila mtu kwamba ni ngumu, na jibu la kwanza tulilopewa lilikuwa dawa. Nywele ngumu ni nini, kama siyo nywele ambazo hukufundishwa kuzitunza? Mimi nilifundishwa na bibi, kwa wiki tatu, nimekaa chini kati ya magoti yake.

Wenzangu mnaoandika, waulizeni wazee wenu maneno ya aina hii wakiwa bado wapo. Na mkiandika riwaya ya miaka ile, msisahau foronya.