Milima Wajina: Hoja kutoka Mutomo

Ukipima kwenye ramani kwa mstari ulionyooka, mji wa Mutomo uko takribani kilomita 165 kutoka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na zaidi kidogo ya kilomita 200 kutoka Batian, kilele cha Mlima Kenya. Kusini mwa Kitui, kwa hiyo, ni nchi iliyokaa kati ya milima miwili mirefu kuliko yote barani Afrika, na kila mmoja wa milima hiyo umepata kuitwa Mlima Mweupe. Wamaasai huuita Kilimanjaro Ol Doinyo Oibor. Wakwavi, ndugu zao kwa lugha, waliuita Mlima Kenya kwa jina lilo hilo, kama alivyoandika mmisionari Johann Ludwig Krapf katikati ya karne ya 19. Wakamba nao waliuita Kilimanjaro Kiima Kyeu, rangi ile ile katika lugha nyingine.

Nje ya Afrika orodha ni ndefu mno. Mont Blanc wa Ufaransa na Italia, Mauna Kea wa Hawaii, Dhaulagiri wa Nepal: yote imetajwa kwa weupe wake, na hakuna mtaalamu anayedai kwamba Wahawaii na Wanepali walikaa pamoja zamani wakakubaliana jina. Linapokuja suala la milima yetu, hata hivyo, tahadhari hiyo hupotea upesi. Majina mawili yakifanana, tunaanza kutafuta msafara uliolibeba moja hadi penye lingine. Ninavyoona, jina la mlima hutuambia kwanza mtoa jina alikuwa wapi na aliuhitaji mlima kwa kazi gani. Majina yanapofanana, tumethibitisha kwamba watu wawili walitazama kwa namna moja. Undugu wao unahitaji ushahidi mwingine kabisa.

Kitui ina shahidi mzuri wa jambo hili, naye ni Kivoi, mfanyabiashara wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilishuka hadi pwani. Krapf alipomtembelea mwishoni mwa mwaka 1849, Kivoi alimweleza kwamba amefika Uchagga na kuuona mlima mweupe wa huko, kisha akamwambia kwamba uko mlima mwingine wa namna hiyo upande wa Ugikuyu, na akautaja: Kenia. Tarehe 3 Desemba mwaka huo Krapf aliuona mwenyewe akiwa Kitui, umbali wa takribani kilomita 150. Kilichofuata kinajulikana. Jina lililoingia kwenye ramani za Ulaya, na hatimaye likawa jina la nchi nzima, liko karibu zaidi na matamshi ya Kikamba, Kiinyaa, kuliko Kirinyaga ya Wagikuyu wanaoishi miteremkoni. Ramani ilirithi masikio ya mtu aliyesimama Kitui.

Ninalolitilia mkazo zaidi ni hesabu ya Kivoi. Yeye aliifahamu milima yote miwili, na safari zake zilimlazimu aitofautishe anapozungumza na wapagazi au wateja, hivyo alikuwa na majina mawili. Jamii inayoishi mbele ya mlima mmoja wenye theluji haina haja ya kitu zaidi ya rangi, kwa kuwa hakuna wa kuchanganywa naye. Idadi ya majina anayohitaji mtu hufuata upana wa mizunguko yake. Kwa wachungaji na wakulima wengi mizunguko hiyo haikuvuka milima miwili yenye theluji kwa pamoja, na jina moja liliwatosha bila upungufu wowote.

Weusi nao una wajina wake. Makueni kuna Kiima Kiu, kando ya barabara ya Mombasa, ambacho kimeipa jina wadi ya Kiima Kiu/Kalanzoni katika eneo bunge la Kilome. Namanga, kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, kuna Ol Doinyo Orok. Maana ni moja: mlima mweusi. Lakini Wamaasai wameuita hivyo hivyo Mlima Meru ulio juu ya Arusha, ingawa hakuna hata kilomita 100 kati yake na Namanga. Hapa hatuwezi kujitetea kwa umbali, kwani lugha ni moja na mifugo ile ile inaweza kupita karibu na milima yote miwili. Sababu ni macho. Milima yote miwili huzuia mawingu, ikaota msitu, na msitu huo ukitazamwa wakati wa kiangazi kutoka kwenye mbuga iliyokauka na kupauka unaonekana mweusi kabisa. Mchungaji akiutaja mlima, upande anaoelekezea ng'ombe umekwisha kusema ni upi.

Meru ndilo jina linalotuponza zaidi. Tanzania kuna Mlima Meru, wenye zaidi ya mita 4,500. Kenya kuna Meru, watu na mji na kaunti, kaskazini-mashariki mwa Mlima Kenya. India kuna kilele cha Meru katika Himalaya, mita 6,660, na juu ya vyote uko Meru wa Wahindu na Wabudha, mlima ulio kitovu cha ulimwengu katika mafundisho yao. Nimesikia mara nyingi, hata kwenye kumbi za vyuo, hoja kwamba majina haya lazima yatoke chimbuko moja. Lugha zinakataa. Wameru wa Arusha, ambao hujiita Warwa, husema lugha iliyo jirani na Kichagga. Kimeru cha Kenya kimo katika kundi moja na Kigikuyu, Kiembu na Kikamba. Kama makundi haya mawili yalitengana kwa kuhama hivi karibuni, lugha zao zingepaswa kuonyesha hivyo, na hazionyeshi. Kuhusu India, hakuna aliyetuonyesha nani alilileta jina, kwa njia gani, na kwa nini aliyelileta hakuacha jina lingine hata moja njiani.

Sisemi kwamba majina hayabebwi. Yanabebwa, na yakibebwa huacha alama. Kisiwani Java kuna Semeru, volkano ya mita 3,676, na jina lake kweli ni la mlima mtakatifu wa Wahindu. Tunajua hivyo kwa sababu dini yenyewe ilifika Java, pamoja na mahekalu, maandishi na majina ya wafalme. Olympus wa Ugiriki, wenye mita 2,917, una wajina Kupro na mwingine katika jimbo la Washington, Marekani. Huyu wa Marekani alipewa jina mwaka 1788 na nahodha John Meares, akiwa baharini, naye alijua vizuri anaazima kwa nani. Kuna pia hali ya katikati. Sierra Nevada ya California ilitajwa na padri Pedro Font mwaka 1776 kwa kuwa aliona safu yenye theluji na alikuwa na maneno ya Kihispania ya kuielezea. Lugha ilisafiri kutoka Hispania, ila jina lilizaliwa papo hapo, kwa kutazama.

Hali hii ya katikati ndiyo inayotuhusu Ukambani. Inakubalika kwamba Wakamba walitoka milima ya Mbooni, wakavuka mto Athi na kuenea Kitui. Basi jina likionekana Makueni na Kitui pia, je, lilibebwa? Tuchukue milima ya Mutitu mashariki mwa Kitui, Mtito Andei huko Makueni na Mutituni ya Machakos. Shina la majina yote matatu ni msitu. Watu wa lugha moja, wakikuta miti iliyosongamana katikati ya nchi kavu, wataiita msitu kila watakapoikuta. Historia ya kuhama inaeleza kwa nini lugha ni moja, na haina haja ya kueleza kila kilima. Pale ambapo masimulizi yenyewe yamefunga jina na mahali pamoja, kama Nzaui, ambako inasimuliwa kwamba Mulungu aliwashusha watu wa kwanza na nyayo zao zikabaki mwambani, hatutarajii kukuta Nzaui nyingine, kwa kuwa hapo jina limebeba kisa.

Mutomo yenyewe ina wajina. Kuna Mutomo ya Gatundu Kusini, Kiambu, inayojulikana na Wakenya wengi kwa sababu Rais mstaafu Uhuru Kenyatta amekuwa akipiga kura katika Shule ya Msingi ya Mutomo. Mtu wa Kitui Kusini hapotezwi na habari hiyo. Mutomo yake ina kilima cha mwamba chenye hifadhi ya mimea, na pande zote za mji kuna vilima vya miamba mitupu vinavyochomoza kwenye nyika ya migunga na mibuyu. Mvua ikipiga mwamba, maji hayapenyi. Vijikuta vifupi vya mawe na saruji vimejengwa vikizunguka ubavu wa mwamba, vinayapokea na kuyaongoza hadi bwawani, palipozibwa kwa ukuta mnene. Kutoka hapo bomba huteremka hadi kwenye kioski, ambako mitungi ya lita 20 imepangwa foleni na punda wanasubiri kivulini. Mradi wa kuhifadhi udongo na maji wa Mutomo, uliofadhiliwa na Denmark katika miaka ya 1980, ulishughulikia miundo ya namna hii. Mama anayetuma mtoto maji humwambia aende kiimani, mlimani, na mtoto hakosei mlima.

Ramani ndiyo iliyoyakutanisha majina haya kwenye karatasi moja. Ramani za Kenya za kipimo cha 1:50,000, zilizotayarishwa kwa sehemu kubwa pamoja na idara ya Uingereza ya upimaji wa ng'ambo, zilihitaji jina moja kwa kila kilele. Ol Donyo Sabuk, wenye mita 2,145, ni mfano: mbuga iliyotangazwa hapo mwaka 1967 ina jina la Kimaasai, huku Kyanzavi la Wakamba na Kilimambogo yakabaki mdomoni mwa majirani. Mwaka huo huo wa 1967 Umoja wa Mataifa uliitisha Geneva mkutano wake wa kwanza wa kusanifisha majina ya kijiografia. Usanifishaji una faida. Dereva wa ambulansi hana muda wa kuuliza ni Mutomo ipi. Lakini tatizo lake linatatuliwa na jina la kaunti na viwianishi vya setilaiti, bila kumbadilishia mtu yeyote jina la kilima chake.

Kinachokosekana kwenye sajili zetu ni safu ya ziada: jina linatumiwa na nani, kwa lugha gani, na kutoka upande upi wa mlima. Kitui na Makueni zinaweza kuanza na vilima vinavyovunia maji na vile vyenye misitu, kwa kuwa kamati za maji na za misitu zipo tayari, na wazee wanaojua nani huita nini wanahudhuria mikutano yake. Kiima Kiu kingeandikwa kwanza, pamoja na mahali ambapo mtu husimama akakiona cheusi.