Zizi la PostgreSQL: historia ya kompyuta zinazopima programu usiku kucha

Leo tuangalie historia kidogo, na tuanzie hapa kwetu Isiolo.

Muuguzi wa Merti au Kinna akihesabu watoto waliochanjwa mwezi huu, hesabu yake huishia kwenye mfumo wa taifa wa taarifa za afya. Mfumo huo umejengwa juu ya DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011. DHIS2 nayo huhifadhi data kwenye PostgreSQL, hifadhidata ambayo pia ni huria. Sasa jiulize: nani anahakikisha kwamba PostgreSQL haitavuruga hesabu hizo?

Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na kompyuta za watu waliojitolea.

PostgreSQL ilianza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, ikapata jina la sasa mwaka 1996. Siku hizo, kila toleo jipya lilipokaribia, watengenezaji waliwaomba watumiaji wajaribu kwenye mashine zao na kuleta majibu. Majibu yalipangwa kwenye jedwali: mfumo gani, nani kajaribu, lini. Shida ni kwamba kosa lingeweza kulala miezi kadhaa, likafunikwa na mabadiliko mengine.

Utasema: programu ikikubali kwenye kompyuta moja, si itakubali kwingine? Hapana. Chukua namba 1 iliyohifadhiwa kwa baiti 4. Prosesa za Intel huiweka 1-0-0-0. SPARC za kampuni ya Sun ziliiweka 0-0-0-1. Ni kama Kiarabu kinachosomwa kutoka kulia na Kiswahili kutoka kushoto. Ukikosea upande, maana imepotea. Mwandishi wa programu mwenye Intel peke yake anaweza asilione kosa la namna hiyo kamwe.

Mwaka 2004 Andrew Dunstan akaanzisha Build Farm, yaani shamba la kujengea programu. Wazo lenyewe halikuwa geni: CPAN Testers walikuwa wakipima moduli za Perl tangu 1998, na mradi wa Samba ulikuwa na shamba lake. Utaratibu ni rahisi. Unasajili mashine yako, nayo inapewa jina la mnyama. Kila saa iliyopangwa, skripti ya Perl inavuta msimbo mpya, inaujenga, inaupitisha kwenye majaribio, kisha inatuma ripoti kwenye seva kuu. Mambo yakiwa sawa, rangi ni ya kijani. Yakiharibika, rangi inabadilika, na ripoti inaonyesha hatua iliyokwama. Sisi wa Isiolo tungeliita zizi: limewahi kuwa hata na dromedary, yaani ngamia wetu wa nundu moja!

Lilikuja kwa wakati wake. Januari 2005 lilitoka toleo la 8.0, la kwanza kukubali Windows moja kwa moja, na mashine za kupimia ziliongezeka aina.

Polepole zizi likawa shahidi mkuu. Nyaraka za PostgreSQL zinaeleza kuwa mfumo huhesabiwa kuwa unakubalika ikiwa msimbo una mahali pake na umethibitishwa karibuni kupita majaribio. Na uthibitisho huo hutoka zaidi kwenye Build Farm. Maana yake, mfumo usio na watu wa kuutunza unaweza kuachwa. HP-UX iliondolewa katika toleo la 16 la mwaka 2023, na toleo la 17 la 2024 likatoka bila AIX.

Hapo ndipo pa kufikiria. Kompyuta za Intel mpya zimejaa zizini tayari. Lakini ile mashine kuukuu ya biti 32 iliyo kwenye kona ya ofisi yako, au kibodi kidogo cha ARM kinachotumia umeme wa sola, kinaweza kuona kosa ambalo zile kubwa hazilioni. Kama hakuna anayepima kwenye mashine za aina tunazotumia huku, makosa yake tutayagundua sisi, tena kazini.

Kinachotakiwa ni umeme, intaneti, nafasi ya diski na mtu wa kujibu ripoti ikibadilika rangi. Ukiwa navyo, jisajili, usubiri kupewa mnyama wako.