Ramani za Nyumba za Unguja

Kabla nyumba za Mji Mkongwe hazijachorwa kwenye karatasi, kipimo chake kilikuwa boriti. Mti wa mkoko ulioletwa kwa jahazi kutoka delta ya Rufiji ulibeba dari nzito ya mawe na chokaa, lakini hauwezi kuvuka nafasi pana. Ukizidi mita tatu au nne hupinda. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, na ukuta mmoja hutegemea wa jirani. Fundi hakuhitaji mchoro. Urefu wa boriti ulimwambia ukuta wa pili usimame wapi.

Ramani zilikuja na wageni. Mwaka 1846 Mfaransa Charles Guillain alichora mji uliojaa kwenye rasi, nyuma yake pakiwa na hori la maji. Ng'ambo ya hori hilo ulikua mtaa wa pili, wa nyumba za udongo na makuti, nao ukaitwa hivyo hivyo, Ng'ambo. Hori lilikuja kufukiwa, na daraja lililolivuka likabaki katika jina la Darajani tu.

Mpango mji wa kwanza wa enzi ya Waingereza, wa Henry Lanchester, ulitoka mwaka 1923. Tatizo lililowakabili wapangaji tangu hapo halikuwa la uchoraji. Huko Ng'ambo mtu alimiliki nyumba, na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine au ya wakfu. Aliyesimamisha miti, akakandika udongo na kuezeka makuti alilipa kodi ya kiwanja, na mwaka 1928 wakaazi waligoma kuilipa. Mchoro wa mtaa uliweza kuonyesha paa ngapi zipo. Jambo lililogombewa, yaani nani ana haki juu ya kiwanja, halikuwa na mstari wowote kwenye karatasi.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya serikali. Wataalamu wa Ujerumani Mashariki walitoa mpango mwingine mwaka 1968, na maghorofa marefu ya Michenzani yakapitishwa katikati ya Ng'ambo, juu ya viwanja vya nyumba zilizobomolewa. Mpango wa Wachina wa 1982 ukafuata. Wakati huo huo mji ulitanuka kuelekea mashambani kwa kasi ambayo hakuna karatasi iliyoifuata: mtu alinunua kiwanja, akaweka msingi, akanyanyua tofali kila alipopata fedha. Mji Mkongwe ulipewa mamlaka yake ya hifadhi mwaka 1985 na kuingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2000, lakini wingi wa nyumba za Unguja ulikuwa nje ya mipaka hiyo.

Hapo ndipo droni zilipoingia. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia walianza kupiga picha za visiwa vyote viwili, Unguja na Pemba, zaidi ya kilomita za mraba 2,300. Chombo kilichotumika ni kindege cha povu gumu, kisichofika hata kilo moja, kinachorushwa kwa mkono. Hupita hewani kwa mistari kama mkulima anayelima tuta baada ya tuta, na kila picha huingiliana na jirani yake. Kompyuta huzishona zikawa picha moja inayoonyesha hata kitu cha ukubwa wa sahani. Marubani wake walikuwa wanafunzi wa chuo hicho hicho. Hili linastahili kuangaliwa, kwani safari hii waliouchora mji walikuwa wenye mji.

Wanafunzi walizungushia mistari maelfu ya mapaa, na kazi yao ikawa mafunzo ya kompyuta. Katika shindano la mwaka 2018, programu kutoka nchi mbalimbali zilitakiwa kutambua majengo kwenye picha hizo na kuyagawa mafungu matatu: yaliyokamilika, yasiyokamilika, na msingi mtupu. Mgawanyo huo unakijua kisiwa. Nyumba ya Unguja huweza kukaa miaka kumi ikiwa kuta zisizo na paa, nondo zikiwa juu zikisubiri ghorofa ijayo, na mpango wowote wa maji au barabara unaozihesabu nyumba zilizoezekwa tu huwaacha wajenzi hao nje.

Picha ya angani ina mpaka wake. Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe lililojengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Udhaifu wa jengo la mawe na chokaa hukaa ndani ya kuta, pale unyevu unapolegeza chokaa na boriti kuoza katika tundu lake. Kutoka juu paa huonekana zima. Nyumba kama hiyo hukaguliwa kwa kugonga ukuta na kusikiliza.

Nayo haki ya kiwanja haionekani kwenye paa. Sheria ya Umilikaji Ardhi ya 1992 inampa mtu haki ya kutumia ardhi, na kabla haki hiyo haijasajiliwa mpaka lazima uthibitishwe ardhini. Mpimaji anaweza kufika na picha ya droni kwenye kishikwambi, lakini humwita sheha, kiongozi wa mtaa, na majirani, nao humwonyesha ulipo mwembe, ulipo ukuta wa zamani, na wapi kiwanja cha fulani kinaishia.