Sumaku, Damu na Msomaji Mdogo wa Homa Bay

Sisi waandishi wa programu tunaijua Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani iliyotupa Unix mwaka 1969. Kumbe hapo hapo ndipo lilipofunguliwa dirisha la kuuona ubongo unaosoma!

Tangu 1936 ilijulikana kuwa himoglobini, protini ya damu yenye madini ya chuma, huitikia sumaku kwa namna moja ikibeba oksijeni na kwa namna nyingine ikishaiachia. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake wakaonyesha, kwa kutumia panya, kwamba mashine ya sumaku huiona tofauti hiyo ndani ya ubongo. Kufikia 1992 binadamu nao walikuwa wakipimwa.

Mwaka 2010 Stanislas Dehaene na wenzake walichapisha matokeo ya watu wazima 63 wa Brazil na Ureno, waliosoma na wasiosoma. Kusoma kulikuwa kumeubadilisha ubongo, hata kwa waliojifunza ukubwani. Yaani hatuzaliwi na sehemu ya kusoma. Darasa ndilo linaloipanga.

Sasa twende Nyanza. Homa Bay na Migori zimo katika ukanda wa Ziwa Victoria, ambako malaria ni kali kuliko kwingi Kenya. Vijidudu vyake hupasua chembe nyekundu, mtoto akapungukiwa damu. Na chuma kile kile kinahitajika ubongoni kutengeneza dopamini, kemikali inayosaidia umakini.

Jirani yao Bondo, utafiti uliochapishwa 2008 uliwapa wanafunzi wa shule za msingi dawa ya malaria kila muhula. Upungufu wa damu ulishuka karibu nusu na umakini ukapanda. Lakini alama za masomo hazikupanda! Mimi naelewa hivi: dawa hutengeneza maunzi, ila programu huandikwa na mwalimu na kitabu.

Tarehe 13 Septemba 2019 Kenya ilizindua chanjo ya malaria Homa Bay, na Migori ikawa miongoni mwa kaunti za majaribio. Watoto wa kwanza walichanjwa wakiwa na miezi sita. Leo wamefika umri wa kujifunza kusoma. Zahanati imefanya sehemu yake. Je, vitabu vya Dholuo, Kikuria na Kiswahili vimewafikia darasani?