Baiskeli ya Chuma: Kati ya Mzigo na Mbio

Iliyozoeleka zaidi Meru na Embu ni Black Mamba: nyeusi, magurudumu ya inchi 28, breki za fito za chuma badala ya waya. Imebeba maziwa, ndizi, hata abiria. Lakini uzito wake ni kama kilo 20, na nyingi hazina gia. Kati ya Runyenjes na Nkubu barabara hushukia mito inayotoka Mlima Kenya, Thuci, Nithi na Mutonga, kisha hupanda tena. Hapo mwenye mzigo huteremka akasukuma.

Nyepesi kuliko hiyo, bila kuwa ya mashindano, ni Raleigh Sports ya Nottingham, Uingereza: fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 26, matairi membamba. Gia zake tatu za Sturmey-Archer zimo ndani ya habu ya nyuma. Ya chini hupunguza ugumu wa kukanyaga kwa robo. Kwa miinuko ya huku, hiyo ndiyo ya kuchagua.

Ukitaka kujua umri wa Raleigh hiyo, futa grisi kwenye habu: kwa kawaida namba za mwaka na mwezi wa kutengenezwa zimepigwa mhuri hapo. Kama ya babu ingali stoo, usiikwangue kabla ya kuzisoma.