Maneno ya Pindoni: Kanga kama Tangazo la Biashara

Wanaoichunguza kanga kama fasihi hulikimbilia jina, yaani usemi uliochapwa sehemu ya chini ya mji. Maandishi madogo ya ukingoni hupuuzwa, ilhali nayo yana historia yake.

Kaderdina Hajee Essak alianza biashara Mombasa mwaka 1887. Kanga za duka lake zilijulikana kwa herufi K.H.E. na maneno “Mali ya Abdulla”. Kisarufi, jambo hili lina kichekesho chake: mwanamke amekwisha kuilipia doti, ameikata na kuipinda, lakini ile “ya” ingali inamtaja mfanyabiashara kuwa ndiye mwenye mali. Naye huivaa arusini, matangani na kisimani, akilitembeza jina la duka pasipo ujira. Bango gani la ukutani lingeingia hadi jikoni?

Vyama vya siasa vilipogawa kanga zenye picha za viongozi, vilifuata njia iliyokwisha kufyekwa na wauza nguo.

Basi mkusanyaji anayenakili usemi na kuyaacha maneno ya pindoni hupoteza ushahidi wa duka lililoiagiza nguo hiyo, na pengine wa wakati ilipouzwa.