Ubinafsishaji wa huduma za umma: Funzo la reli ya Mpanda

UBINAFSISHAJI ni hatua ya Serikali kukabidhi kwa kampuni umiliki au uendeshaji wa shughuli iliyokuwa mikononi mwa umma. Nchini Tanzania ulishika kasi katika miaka ya 1990, chini ya Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma (PSRC). Viwanda vya bia na sigara vilitangulia. Maji, umeme na reli vikafuata. Huduma hizo ndizo zilizozua migogoro mizito, kwa kuwa mwananchi akizikosa hana duka la pili la kuzitafuta.

Kwa wakazi wa Kawajense na kata nyingine za Mpanda, mkoani Katavi, jambo hilo linaonekana wazi katika reli. Tawi la Kaliua hadi Mpanda, lenye urefu wa kilomita zipatazo 210, lilijengwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulipofungwa, reli ilibaki kuwa njia ya abiria na mazao. Kabla ya kukamilika kwa barabara ya lami ya Tabora–Mpanda, treni ndiyo iliyotegemewa masika yalipoharibu barabara ya vumbi.

Mkataba wa miaka 25

Oktoba 2007, uendeshaji wa lililokuwa Shirika la Reli Tanzania (TRC) ulikabidhiwa Kampuni ya Reli Tanzania (TRL). RITES, iliyomilikiwa na Serikali ya India, ilichukua asilimia 51 ya hisa, na Serikali ya Tanzania asilimia 49. Miundombinu ilibaki kuwa mali ya kampuni ya umma, RAHCO.

Mwekezaji alileta injini na mabehewa ya kukodi kutoka India. Mwaka 2008 wafanyakazi waligoma wakidai nyongeza ya mishahara, na Serikali ikalazimika kuingilia kati. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalisomba njia kati ya Kilosa na Gulwe, na Reli ya Kati ikakatika. Mwaka 2011 ubia huo ulivunjika na Serikali ikarejesha hisa zote. Sheria ya Reli ya mwaka 2017 iliunganisha TRL na RAHCO, na jina la TRC likarudi.

Maji na umeme

Dar es Salaam, City Water ilianza kusambaza maji Agosti 2003 kwa mkataba wa miaka 10. Serikali iliuvunja Mei 2005. Julai 2008, jopo la usuluhishi la ICSID liliona kuwa Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda vitega uchumi, lakini halikuamuru fidia. Kwa upande wa TANESCO, menejimenti ya Net Group Solutions ya Afrika Kusini, kati ya 2002 na 2006, iliongeza makusanyo ya mapato, lakini uhaba wa umeme uliendelea.

Matukio hayo yanaonyesha kuwa mkataba huhamisha uendeshaji, lakini huduma inapokwama mzigo huirudia Serikali. Aidha, kampuni hupima njia kwa mapato yake. Tawi la pembezoni kama la Mpanda hulindwa tu pale mkataba unapotaja idadi ya safari, viwango vya nauli na adhabu ya kutotimiza.